Televisheni ya Marehemu Severini

Jumanne, 8 Julai 2025

"Anayetafuta televisheni janja ya bei nafuu anatafuta kuibiwa. Ama ulipe bei ya dukani, ama uendelee kusikiliza redio." Hivyo ameandika Ezekiel, jirani yangu muuza saruji, leo asubuhi kwenye kundi la simu la mtaa wetu hapa Kihonda. Watu wakamwekea vidole gumba.

Napinga. Bei ya dukani si bei, ni maoni ya mwenye duka. Halafu Ezekiel mwenyewe kanunua yake kwenye ofa ya Saba Saba, Dar es Salaam, akaja nayo juu ya keria akipiga honi tangu Mikese. Mtu wa namna hiyo hana haki ya kufundisha wenzake uchumi. Na redio asiitukane. Redio ndiyo iliyonisomesha.

Nikamjibu kundini kwa kirefu. Mwishoni nikaandika jambo ambalo sikuwa nimepanga kuliandika: kwamba Jumapili alasiri mdahalo wangu unarushwa mtandaoni, ule niliorekodiwa mwezi uliopita, mada "Hofu ya Wafu na Umaskini Wetu", na kwamba mtaa mzima unakaribishwa kuutazama sebuleni kwangu, kwenye televisheni yangu janja.

Sina televisheni janja. Nina ya chogo, na rangi zake zimeharibika. Kila anayesoma habari anaonekana ana homa ya manjano.

Maimuna, mke wangu, alisoma kundi akiwa jikoni. Akaja mlangoni na mwiko, akauliza hiyo televisheni iko wapi. Nikasema iko njiani. Akauliza njia ipi.

Lakini hapa kwenye shajara niseme kweli. Miaka yote hii wahariri wamezikata makala zangu nusu. Mdahalo huu ni mara ya kwanza nimesema mpaka mwisho. Nautaka uonekane, ukubwa wa ukutani, mbele ya Ezekiel. Sina ombi jingine duniani.

Jumatano, 9 Julai

Mjini, madukani. Za bei yangu zina maandishi ya ujanja kwenye boksi tu. Muuzaji mmoja alinionyesha moja akasema ni janja kabisa. Nikamwambia aifungulie mtandao. Akasema mtandao inaomba kwa simu yangu. Nikamwambia basi janja ni simu yangu. Akaniambia mzee, shikamoo, niachie nafasi ya wateja.

Alasiri, kwenye kibanda changu cha fotokopi, akaja Petro kutoa nakala ya kitambulisho. Mtu mzima, ana mvi kuliko mimi, fundi bomba asiye na bomba. Aliposikia shida yangu akafunga mlango nyuma yake. Akasema baba yake, Mzee Severini aliyekuwa kiwandani hapa Kihonda, amefariki na kuzikwa kwao Matombo. Chumba alichopanga kina televisheni janja, inchi arobaini na tatu, haina hata mkwaruzo. Ufunguo anao yeye. Bei aliyoitaja ningeweza kumlipa nikiwa nimelala.

Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akasema ana haraka. Akasema pia tupite njia ya nyuma.

Boksi halikuwepo. Tukaiviringisha blanketi, tukaibeba mabegani, yeye mbele mimi nyuma, jua linazama nyuma ya minazi ya shule. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana wakasimama wote. Redio ikazimwa. Wawili wakaja mbio, wakaingiza mabega chini ya blanketi bila kusema neno, wakatupokea, kama inavyofanywa barabarani kwa jeneza la mtu yeyote. Mmoja akaninong'oneza, ana miaka mingapi. Nilikuwa nahema, nikadhani anauliza ukubwa. Nikasema arobaini na tatu. Akasema masikini, bado alikuwa na nguvu zake.

Walitusindikiza mpaka mlangoni. Wakauliza kaburi linachimbwa wapi. Nikawashukuru nikafunga mlango. Hawakuondoka. Mpaka magharibi uani kwangu kulikuwa na wanaume wamekaa kimya kwenye matofali, na mwanamke mmoja kaleta mchele. Maimuna ndiye aliyetoka kuwaambia hakuna aliyekufa. Kijana mmoja akasema, lakini tumeibeba, ilikuwa nzito kama mtu.

Maimuna aliporudi ndani akaiangalia televisheni ndani ya blanketi. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia.

Akakaa chini. Yeye ni mtu wa Mkuyuni, huko Matombo ana ndugu kila kilima. Akasema matanga ya Mzee Severini hayajaondolewa. Jina lake halijapewa mtu. Vitu vyake vyote vinatakiwa vitandikwe mkekani mbele ya ukoo, jembe, koti, kila kitu, akabidhiwe mrithi, ambaye ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Petro hana sauti, Petro ni wa ukoo wa mama yake. Na kikikosekana kitu kimoja matanga hayaondoki. Akasema mama wa marehemu, Bibi Ester, yuko hai, na analala chini kwenye mkeka tangu siku ya mazishi. Hatapanda kitandani mpaka matanga yaondoke. Na huu ni Julai, huko juu baridi inaingia mifupani.

Nikamjibu kwamba mimi pia ni Mluguru, mila hizo nazijua na nimeziandikia makala mbili za kuzipinga. Karne hii mtoto anamrithi baba. Petro ni mtoto. Petro ameuza. Nimenunua. Hoja imefungwa.

Maimuna akasema hoja haikohoi.

Jumamosi hii, akasema, ndiyo siku iliyopangwa.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeining'iniza. Nikaiwasha. Kioo kikawa cheusi muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha yakaja maandishi meupe: Karibu tena, Severini.

Hakuna la ajabu. Ni akaunti yake, haijafutwa. Nikajaribu kuifuta. Ikaomba neno la siri. Nikaandika Matombo. Ikakataa. Nikaandika Ester. Ikakataa. Nikampigia Petro, akasema hajui, kisha akasema asipigiwe tena simu juu ya jambo hilo. Basi nikaitumia hivyo hivyo. Nikabonyeza kinasa sauti cha rimoti nikasema: Abeid mwandishi wa Kihonda Morogoro. Ikanitafuta dunia nzima. Ikaniletea kibanda changu kwenye ramani, na mchezaji mmoja wa mpira wa Misri.

Halafu, kwa ajili ya kupima rangi tu, nikatazama tamthilia moja ya Kifilipino iliyowekwa sauti za Kiswahili. Nikatazama na iliyofuata. Binti aliyeibiwa hospitalini bado hamjui mama yake.

Mchana umeme ukakatika. Uliporudi nilikuwa peke yangu, nimelala kwenye kochi. Televisheni ikajiwasha. Ikaanza kuonyesha picha, moja baada ya nyingine, polepole, bila sauti. Mzee mwembamba amevaa kofia ya sufu ya kijani na viatu vya kahawia vyenye kamba nyeusi. Mzee yule mbele ya ukuta wa misheni. Mzee na kikongwe mdogo, kamshika bega. Huyo lazima ni Bibi Ester. Mzee anacheka kitu kilicho nyuma ya mpiga picha. Kila picha ilikaa mpaka nikaanza kuona aibu, kama mtu aliyeingia chumba cha watu.

Kisha ikaja picha ambayo haikuwa na mtu. Njia ya mlimani, ukungu, migomba. Chini kabisa ya picha, ncha za viatu viwili vya kahawia vyenye kamba nyeusi, vinatembea.

Kwenye kona iliandikwa: Leo. Matombo.

Nimelifikiria kwa utulivu. Saa ya televisheni imekosea siku. Vitu vya bei nafuu vina tabia hiyo.

Jioni Maimuna alipigiwa na dada yake kutoka Mkuyuni. Bibi Ester ana kifua. Wamemtandikia mikeka miwili, mmoja kauondoa. Kasema mwanawe hana hata mmoja.

Ijumaa, 11 Julai

Sikuiwasha. Ilijiwasha wakati natoka msikitini, nikaikuta inaningoja. Kanisa la misheni ya Matombo, picha imepinda kama iliyopigwa na mtu anayeanguka. Kisha ardhi tupu na kivuli cha mtu juu yake, kirefu, kichwani kofia. Leo. Matombo.

Nikaketi. Nikanywa maji. Picha nyingine: mikungu ya ndizi kando ya barabara, na ubao nilioufahamu. Leo. Mkuyuni.

Kabla ya alasiri ikawa Kiroka.

Sasa nitaeleza hali kama msomi. Kuna mtu aliyekufa. Picha zake za zamani zinaonyesha kofia na viatu. Picha mpya, za leo, zinaonyesha viatu hivyo na kivuli cha kofia hiyo. Picha hizo zinashuka kutoka mlimani kwa mpangilio wa barabara, kijiji baada ya kijiji, na barabara hiyo inaishia Morogoro mjini. Mtu wa kijinga angefanya haraka kutoa hitimisho. Mimi nilizima kwenye ukuta, nikaifunika kwa kitenge cha Maimuna.

Maimuna akaanza kunieleza habari aliyoipata kutoka Mkuyuni, kwamba jina limeshatolewa, kwamba tangu juzi kule juu kuna... Nikamkata. Nimeshapiga marufuku mila mezani. Akasema sawa. Akala wali wake akiniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama anayemwangalia mtu anayerudi nyuma kuelekea shimo.

Baadaye nikaenda mwenyewe kwenye televisheni, nikawasha umeme ukutani, nikanyanyua kitenge upande mmoja, nikabonyeza kinasa sauti cha rimoti, nikasema kwa heshima lakini kwa msimamo: Severini, rudi ulikotoka. Ikayaandika maneno yangu yote kwenye kioo, vizuri, bila kosa. Ikatafuta. Ikaniletea kwaya.

Ezekiel alipita kando ya ukuta wa ua akaniuliza kama Jumapili aje na kiti au viti ni janja pia. Nikamwambia aje na akili. Akasema hiyo anaijua kwangu ni ya kuazima.

Jumamosi, 12 Julai

Picha ya asubuhi: Bigwa. Ukungu umebaki nyuma milimani, jua limeshawaka. Msamvu, stendi, matairi ya basi yamepigwa picha kutoka chini.

Nikaenda kibandani kwangu nipate kuwa kati ya watu. Wateja walikuwa wachache. Mtu mmoja alisimama ng'ambo ya barabara chini ya mti wa mjohoro muda mrefu, nikadhani anasubiri bodaboda. Jua lilikuwa nyuma yake, sikumwona uso. Nilipoinua kichwa tena hakuwepo.

Nikarudi nyumbani kula. Nikanyanyua kitenge.

Kilikuwa kibanda changu. Kibao changu: FOTOKOPI, BARUA, USHAURI. Ndani ya mlango, mdogo, kichwa chini, mtu anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Huyo mtu ni mimi. Leo. Kihonda.

Nimeisoma hoja yangu ya mdahalo upya kutoka kwenye kumbukumbu zangu. Ni hoja nzuri. Mfu ni mfu. Hana mguu, hana mkono, hana dai. Nimeirudia kwa sauti sebuleni. Chini ya kitenge mwanga ulikuwa unabadilika, picha inatoka, picha inaingia.

Alasiri nilikata ndimu, nikaziweka na chumvi ya mawe nyuma ya televisheni. Kwa ajili ya sisimizi. Maimuna alipozikuta akaniuliza hao sisimizi wametoka Matombo kwa miguu? Sikupenda.

Akasema leo ndiyo ilikuwa siku. Mkeka umetandikwa, vitu vimehesabiwa, kimekosekana kimoja. Wamekunja mkeka. Bibi Ester kabaki chini. Akasema tuichukue tuipeleke, sasa hivi, atakodi gari yeye. Nikasema kesho jioni, mdahalo ukiisha, tutalizungumza. Ni usiku mmoja tu. Akasema usiku mmoja wa nani.

Niliona anaanza kukunja nguo zake kwenye mkoba. Nikajifanya sioni. Kesho alasiri, saa moja tu ya kusikilizwa mpaka mwisho. Sitaki kuamini kwamba kikongwe hawezi kunisubiri.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji. Nitaeleza.

Walikuja. Sebule ilijaa, wengine madirishani. Ezekiel alikuja na kiti chake kweli, akakaa mbele. Hata vijana wa bodaboda walikuja, wakaitazama televisheni ukutani, kisha wakanitazama, na mmoja akavua kofia. Petro naye akaja, kwa ajili ya soda, akasimama karibu na mlango ambako angeweza kuondoka.

Nikatoa kitenge. Ikaandika: Karibu tena, Severini. Watu wakacheka. Nikasema ni jina la kampuni. Na kabla sijaufikia mdahalo, ikaonyesha kwa picha kubwa binti wa Kifilipino analia, na chini yake: Endelea kutazama, sehemu ya tisa. Ezekiel akageuka kwenye kiti chake taratibu kabisa. Akasema kumbe, mwandishi, mama yake kashampata? Nikasema hapana. Ilinitoka tu.

Mdahalo ukaanza. Nilikuwa mkubwa. Nilikuwa mkubwa kuliko mlango. Sauti yangu ilijaa chumba na watu wakanyamaza. Nikajisikia nikisema ndugu zangu, tunawaogopa wafu kuliko tunavyoogopa njaa, na nikaona mzee mmoja anatikisa kichwa kukubali. Maisha yangu yote nilikuwa naisubiri shingo ile.

Hodi.

Mlangoni alisimama mtu mwembamba. Kofia ya sufu ya kijani. Koti la marehemu, lile la kwenye picha. Sikuthubutu kutazama viatu, nikavitazama. Jua la alasiri lilikuwa nyuma yake, uso hauonekani. Akasema, kwa upole wa mtu wa mlimani: "Hamjambo humu. Mimi ni Severini. Nimeifuata televisheni yangu."

Kwenye ukuta mimi nilikuwa nasema mfu hana mguu.

Nikamgeukia Petro. Petro ndiye anayemjua baba yake. Petro atasema huyu ni tapeli na mambo yataisha. Petro aliweka chupa ya soda chini kwa mikono miwili. Akainama, yeye na mvi zake, mpaka nikaona kisogo chake chote. Akasema:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," akasema yule mtu. "Unaniuza nikiwa bado mkekani?"

Nilitoka kwa mlango wa jikoni. Nasikia niliangusha sufuria. Nasikia nilipita katikati ya kamba ya nguo na kuondoka na sehemu ya nguo hizo. Ukuta wa Ezekiel una vipande vya chupa juu, sivikumbuki. Nyuma yangu sauti yangu mwenyewe iliendelea kunifuata, kubwa, bila woga, ikisema hana mkono, hana dai.

Ghala la saruji lilikuwa wazi.

Maimuna alikuja baadaye akasimama nje ya ghala. Hakuingia. Akazungumza na mlango. Akasema huyo ni Geofrey, mpwa, mtoto wa dada wa marehemu. Jumatano amepewa jina na ukoo, basi sasa yeye ndiye Severini, kavishwa kofia na koti na viatu, na watoto wa marehemu wanamwita baba hata wakimzidi umri. Akasema hayo ndiyo aliyotaka kuniambia Ijumaa. Simu ya marehemu pia kapewa, ndiyo mara yake ya kwanza kuwa na simu ya kamera, anabonyeza kila kitu, na kila picha inakwenda yenyewe mpaka kwenye televisheni. Na kila nilichokitafuta kwenye televisheni kilimfikia kwenye simu: jina langu, kibanda changu, hata lile la kumwambia arudi alikotoka. Alisema lilimuumiza.

Nikamjibu kupitia mlangoni kwamba mila hiyo naijua, nimeiandikia makala mbili.

Akasema anajua. Akasema televisheni iko kwenye gari, imeviringishwa blanketi, na vijana wa bodaboda ndio walioibeba, na yeye anaondoka nayo. Nikauliza mdahalo umefika wapi. Nikasikia hatua zake zikienda.

Watu walihamia kwa Ezekiel kumalizia. Kutoka hapa ghalani, kwenye ufa, niliona migongo ya watu na kipande cha kioo chake kikubwa, na bega langu. Sauti alikuwa ameipunguza. Nilimsikia akiwaambia, mwacheni aseme, hapa hakatwi.

Jumanne, 15 Julai

Matombo. Nimepanda kumfuata Maimuna na haki yangu.

Ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba nilisikia nyumba kabla sijaiona. Uani mkeka mmoja mkubwa. Juu yake jembe, panga, redio, rozari, mashati yamekunjwa, na televisheni imelazwa kifudifudi kama mtu anayesikiliza ardhi. Ukoo umekaa kuzunguka. Hakuna aliyeniambia karibu wala ondoka. Petro alikuwa amekaa nyuma, upande wa watoto.

Bibi Ester alikuwa mlangoni, chini, amejifunika shuka. Mdogo kuliko kwenye picha. Kikohozi chake kilikuwa hakina nguvu ya kutoka. Yule mpwa alivuka ua kwa viatu vile, akapiga goti mbele yake, akasema:

"Mama, mimi Severini. Inuka, nimerudi."

Kikongwe akampapasa uso. Alichukua muda. Akapapasa kofia, akapapasa kola ya koti. Nami nilijikuta nasubiri ajibu, nasubiri aseme wewe si yeye, kwa sababu hilo ndilo jibu la kweli na mimi ni mtu wa kweli.

Akasema: "Umechelewa."

"Nilikuwa nafuata vitu vyangu, mama."

"Vimetimia?"

"Vimetimia."

Basi akashika mkono wake, akainuka. Polepole, kwa vipande. Aliposimama aligeuza kichwa akaangalia upande wangu, kati ya watu wote wale, na macho yake hayaoni vizuri, wote wanasema hivyo. Akauliza yule aliyesimama pale ni nani, mbona ana baridi. Maimuna akasema ni mume wangu, bibi. Kikongwe akasema, mpeni mkeka.

Wakampandisha kitandani. Nilisikia kamba za kitanda zikilia. Wanawake wakaanza kupika, wengine wakacheka kwa mara ya kwanza. Macho yangu yalikuwa na moshi.

Baada ya chakula nilimfuata mrithi, nikadai fedha yangu. Akanisikiliza kwa adabu kubwa. Akasema yeye hakuuza kitu. Akamwita Petro, akamwambia mwanangu, mrudishie mzee mali yake. Petro akasema ndiyo baba, imeshatumika. Mrithi akaniambia: "Umesikia, mzee. Huyu mtoto nitamkanya."

Ana umri wa kuwa mwanafunzi wangu, huyo mrithi.

Maimuna kasema anabaki mpaka kifua cha bibi kitulie. Televisheni wameiweka chumbani kwa Bibi Ester, mguuni pa kitanda. Walipoiwasha iliandika Karibu tena, Severini, na kikongwe akasema ahsante kwa niaba yake. Nilikaa mkekani mlangoni nikaona picha zinapita. Ya mwisho ilikuwa mgongo wangu mwenyewe, napanda mlima katika ukungu. Leo. Matombo. Sikusikia mtu nyuma yangu njia nzima.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi. Nimepumzika. Nimelichambua juma hili bila upendeleo, na sasa najua kosa lilikuwa wapi.

Kosa halikuwa kununua televisheni iliyotumika. Msimamo wangu dhidi ya Ezekiel unabaki pale pale. Kosa halikuwa kumsubirisha kikongwe. Amepanda kitandani, anakula. Kosa lilikuwa la wakati. Nilinunua mwenye mali akiwa ameshakufa. Hapo ndipo wapwa, mikeka na majina yanapoingia. Mtu makini ananunua mapema, mwenye mali akiwa bado anapumua na anaweza kuandika neno la siri kwa mkono wake.

Mtaa wa pili yuko Mzee Hafidhi, mstaafu wa reli, mgonjwa wa figo. Nilimtembelea jana na machungwa. Ana televisheni janja, inchi hamsini. Nilikaa upande ule ambao naiona vizuri. Alikuwa amejaa mito, uso wa rangi ya majivu, na chumba kilikuwa na utulivu wa chumba kinachosubiri. Aliniuliza mbona nauangalia ukuta wakati mgonjwa ni yeye. Nikamweleza mpango wangu wazi, mtu mzima kwa mtu mzima. Akaanza kutetemeka chini ya shuka, mkewe akaja mbio, na ikaonekana anacheka. Mke akaniomba nitoke. Leo nasikia amekula uji bakuli zima.

Kwa hiyo naandika hapa, na kesho nitabandika nakala mlangoni kwao. Ninyi watoto wa Mzee Hafidhi, na ninyi wapwa zake wote, popote mlipo, Kihonda au milimani: nawataka mkutane kabla ya Ijumaa. Mkubaliane mapema nani mrithi. Mfute akaunti. Mnijibu kwa maandishi. Na kama mzee anaendelea kupata nafuu, basi nawataka mmzuie kuiwasha ovyo, maana inachakaa.